Washington, Baltimore na Mpaka wa 1948

Tangu mwaka 2023 limeenea dai kwamba Washington imeipita Chicago na kushika nafasi ya tatu kwa wingi wa watu nchini Marekani, nyuma ya New York na Los Angeles. Wanaolitoa hawasemi uongo, ila hawasemi Washington ilifikaje hapo. Wilaya ya Columbia, yaani mji wenyewe wenye Ikulu na Bunge, ilikuwa na watu 689,545 katika sensa ya 2020, na Chicago ilikuwa na 2,746,388. Ili Washington iwe ya tatu, sharti ihesabiwe pamoja na kaunti za Maryland, Virginia, West Virginia na hata Pennsylvania. Zaidi ya yote, sharti ihesabiwe pamoja na Baltimore, mji wa bandari ulio kilomita sitini hivi kaskazini-mashariki, uliokuwapo kabla Washington haijafikiriwa. Katika mjadala huu Baltimore hutajwa kama nyongeza tu, na dhuluma hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwanzo wa miji hii miwili unajulikana. Mwaka 1830 Baltimore ilikuwa ya pili nchini baada ya New York, wakati Washington ilikuwa bado mji mdogo wa makarani na matope. Mraba wa kilomita 259 uliotengwa kwa ajili ya makao makuu ulivuka mto Potomac pande zote mbili, lakini mwaka 1846 upande wa Virginia ulirudishwa kwa jimbo lake. Wafanyabiashara wa Alexandria walilalamika kwamba majengo ya serikali yalizuiwa kujengwa upande wao. Walihofu pia kwamba biashara ya watumwa ingepigwa marufuku, na kweli ilipigwa marufuku ndani ya Wilaya mwaka 1850. Wananchi weusi hawakuulizwa. Sensa ya 1840 ilikuwa imehesabu watu 43,712 katika Wilaya nzima, na karibu 10,000 kati yao wakaondoka kwa mstari huo mmoja. Leo Arlington na Alexandria zina watu wapatao 398,000. Sehemu ya magharibi ya Alexandria iko nje ya mraba wa asili, lakini hata ukiitoa, mji mkuu wa Marekani ungekuwa unakaribia watu milioni moja.

Mstari ulioamua zaidi, hata hivyo, ulichorwa Maryland karne moja baadaye. Baltimore ilitenganishwa na Kaunti ya Baltimore mwaka 1851, ikawa mji unaojitawala. Kila ilipojaa ilimega ardhi ya kaunti hiyo inayouzunguka: ilifanya hivyo mwaka 1888, kisha mwaka 1918, ambapo eneo lake lilikaribia kufika mara tatu ya lilivyokuwa. Ndivyo miji mingi ya Marekani ilivyokua. Mwaka 1948 wapiga kura wa Maryland wakapitisha marekebisho ya katiba ya jimbo: mji hauwezi tena kuchukua ardhi bila kibali cha wakazi wa ardhi hiyo. Tangu siku hiyo Baltimore haijaongeza hata mtaa mmoja.

Hapa naomba msomaji atazame jedwali moja la sensa ya 1960 ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili. Nafasi ya sita kati ya miji ya Marekani ilishikwa na Baltimore, yenye watu 939,024. Ya saba ilikuwa Houston, Texas, yenye 938,219. Tofauti yao ni watu 805. Miaka kumi baadaye Houston ilikuwa na 1,232,802 na Baltimore 905,759, na mwaka 2020 Houston ilivuka milioni 2.3 huku Baltimore ikishuka hadi 585,708. Houston ilikua kwa mafuta, bandari na wahamiaji, hilo halina ubishi. Lakini pia sheria za Texas ziliiruhusu kuvifuata viunga vyake kila vilikoenda, na leo ardhi yake inazidi kilomita za mraba 1,600. Baltimore imefungwa katika kilomita 210. Waliohama kutoka mitaa yake ya kati na kujenga Towson au Dundalk walitoka katika hesabu ya mji na katika kodi zake, ingawa wengi waliendelea kufanya kazi mjini. Kaunti ya Baltimore ilikuwa na watu 270,273 mwaka 1950, na mwaka 2020 ilikuwa na 854,535.

Kwa hiyo sina subira na masimulizi yanayosema Baltimore iliporomoka kwa sababu ya uongozi mbovu na uhalifu, kana kwamba mpaka haukuwapo. Hoja ya kuporomoka kwa viwanda ni nzito zaidi, na ninaipokea. Lakini hata kiwanda kikubwa cha chuma cha Sparrows Point, kilichofungwa mwaka 2012, kilikuwa nje ya mpaka wa mji, ndani ya kaunti. Hesabu ya wakazi na kodi ya majengo yake vilikuwa vya kaunti tangu awali. Wala tusisahau kwamba mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ya kwanza ya mji nchini Marekani ya kutenga mitaa ya weupe na ya weusi. Wazungu walipohamia kaunti baada ya Vita vya Pili, mpaka wa 1948 ulifanya kwa njia nyingine kazi iliyofanana na ile ya sheria hiyo.

Hesabu ya mji pamoja na viunga vyake, iliyoanza na sensa ya 1910, ilikusudiwa kutibu upungufu wa namna hii. Leo inaongozwa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya serikali kuu, na matofali yake ni kaunti nzima nzima: kaunti ambayo robo ya wafanyakazi wake huenda kazini katika kaunti za kati huunganishwa nazo. Mwaka 1992 ofisi hiyo iliziunganisha Washington na Baltimore kuwa eneo moja. Sensa ya 2000 ikalihesabia watu 7,608,070, likawa la nne nchini, mbele ya San Francisco. Mwaka 2003 kanuni zikabadilika, na miji hiyo ikatenganishwa katika orodha kuu. Watu walewale, waliohesabiwa Aprili ileile ya 2000, wakagawanywa upya: Washington 4,796,183, ikashuka hadi nafasi ya saba, chini ya Miami, na Baltimore ikabaki na 2,552,994. Hakuna aliyezaliwa, kufa wala kuhama kati ya orodha hizo mbili.

Muungano wao uliendelea katika orodha ya pili, ile ya maeneo yaliyoungana, ambayo huridhika na asilimia 15 ya watu wanaopishana kazini. Kwa mipaka ya 2020 Chicago iliongoza kwa watu wasiofika 14,000. Mipaka ilipochorwa upya Julai 2023, Washington–Baltimore ikapita mbele.

Ubishi huu tunao hata kwetu. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na Nairobi 4,397,073 mwaka 2019, kwa hiyo Dar ni kubwa zaidi. Lakini mpango wa Nairobi Kuu huunganisha Kiambu, Machakos na Kajiado, na jumla ya kaunti hizo nne ni 9,354,580. Anayetaka kuilinganisha na Dar ni haki kwanza aamue kama ataihesabu Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo.

Maryland, swali gumu ni la Kaunti ya Howard, iliyo kati ya miji yote miwili. Ndani yake kuna Columbia, mji uliofunguliwa mwaka 1967 na mjenzi James Rouse, na wakazi wake huenda kazini kusini na kaskazini. Mwaka 2020 kaunti hiyo ilikuwa na watu 332,317, waliohesabiwa upande wa Baltimore. Ikihamishiwa Washington, Baltimore itateremka kutoka milioni 2.84 hadi milioni 2.51. Mimi ningeiacha ilipo. Mji ulionyimwa ardhi tangu 1948 haupaswi kunyang'anywa pia kaunti ambayo hesabu za kazi bado zinaipa.