Mzigo Ulio Ndani ya “Charge”

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kireno penye neno “charge”, nawe utakuta safu ya maneno yasiyofanana hata kidogo: carga, cobrança, acusação, encargo, investida. Ukiyapitia haraka utadhani Waingereza waliokota vitu visivyohusiana wakavipa jina moja. Sivyo. Vyote vilianzia kwenye gari la kukokotwa.

Kilatini kiliazima carrus, gari la magurudumu, kutoka kwa Wagauli. Baadaye likazaliwa carricare, yaani kupakia shehena garini. Huko Ufaransa neno hilo likawa chargier, likavuka bahari likaingia Uingereza. Kwenye rasi ya Iberia likawa carregar. Kwa hiyo mfasiri anayetoka “charge” kwenda carregar anakutanisha ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbalimbali.

Ukilishika wazo la mzigo, maana nyingi hujipanga zenyewe. Anayetozwa ada amebebeshwa deni, anayeshtakiwa ametwishwa tuhuma, aliyekabidhiwa mtoto amebeba dhamana. Bunduki nayo hushindiliwa baruti. Benjamin Franklin, alipoeleza majaribio yake ya umeme katika barua za miaka ya 1740, alizungumza kwa lugha hiyo ya silaha: chupa ya Leyden, chombo cha kuhifadhia umeme, ilijazwa, na chupa kadhaa zilizounganishwa akaziita betri, jina la mizinga iliyopangwa pamoja. Hapa Kireno hakipati taabu. Chaji ya elektroni ni carga elétrica, na simu iliyozimika inahitaji carregar. Hata wapandafarasi wa Uingereza walioikimbilia mizinga ya Warusi huko Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854, kwa Kireno walifanya carga.

Kwenye fedha ndipo ndugu hawa wanapoachana. Kireno hakimtwishi mnunuzi kitu. Kitenzi chake ni cobrar, ambacho asili yake ni recuperare ya Kilatini, kurudisha kilichokuwa chako. Muuzaji wa Kiingereza anapakia. Wa Kireno anadai haki yake. Makato ya benki nayo huitwa tarifas Brazili na comissões Ureno, na mteja wa Lisbon akisoma tarifas atajua mara moja kwamba mwandishi hakumfikiria yeye.

Mahakamani ndiko ninakotaka kukaa, kwa sababu huko kosa la mfasiri humwangukia mtu mwingine. Tuseme gazeti la Kiingereza linaandika kwamba mwanasiasa wa Brazili “has been charged”. Maneno matatu tu, lakini Mbrazili anayeyasikia ana swali la kuuliza: amefikia hatua ipi? Polisi wakimaliza upelelezi na mkuu wa upelelezi akaona dalili za kutosha dhidi yake, mtu huyo ni indiciado. Waendesha mashtaka wa Ministério Público wakipeleka hati yao mahakamani, amekuwa denunciado. Hakimu akiipokea hati hiyo, basi sasa ni réu, na kesi imeanza. Kati ya hatua moja na nyingine panaweza kupita miezi mingi, na wapo wanaoishia kwenye ile ya kwanza wasifikishwe mbele kamwe. Kumwita réu mtu ambaye bado ni indiciado ni kumpandisha kizimbani kwa kalamu.

Hati yenyewe ya mwendesha mashtaka, kwa sheria ya Brazili, inaitwa denúncia. Ukivuka Atlantiki hadi Ureno, denúncia ni taarifa ambayo raia yeyote anaweza kuipeleka polisi kwamba uhalifu umetendeka. Mashtaka rasmi huko ni acusação. Ureno pia ina arguido, hadhi ambayo mtu anaweza kupewa wakati upelelezi bado unaendelea, ikija na haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Msumbiji nayo hulitumia neno hilo. Waandishi wa Kiingereza wameliandika mara kama mshukiwa, mara kama mshtakiwa, na yote mawili hayatoshi, kwa kuwa arguido ni hadhi ya kisheria ambayo Kiingereza hakikuiundia jina. Sisi tuna mtuhumiwa na mshtakiwa, tofauti yenye thamani kubwa, na huniuma kila ninapoona habari moja ikiyabadilisha maneno hayo aya kwa aya kana kwamba ni pambo.

Ndiyo maana siziamini faharasa za safu mbili, Kiingereza kushoto, Kireno kulia, mstari mmoja kwa neno moja. Istilahi huishi ndani ya kazi inayofanywa. Faharasa inayofaa ingeanza na mahali: benki, maabara, kituo cha polisi, na nchi iwe imetajwa.

Brazili ina mtego mwingine hapa. Wabrazili wana neno charge katika lugha yao, kwa tahajia hiyohiyo, nalo ni katuni ya kisiasa ya gazetini. Lilitoka Kifaransa, ambako kumchora mtu kwa kukuza kasoro zake ni kumwongezea mzigo. Waitalia kwa wazo hilohilo wakapata caricatura. Hivyo neno lile la gari limeingia Kireno kwa mlango wa pili, na mhariri wa São Paulo akiombwa charge ataandaa nafasi ya mchoro.

Jambo hili linatuhusu. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na Kireno hicho ni cha Msumbiji, jirani yetu, na Angola. Shule za Msumbiji, kama za Ureno, humwita mtu anayewajibika kwa mwanafunzi encarregado de educação, aliyebebeshwa jukumu la elimu yake. Mara nyingi ni mama au baba, lakini anaweza kuwa shangazi au kaka mkubwa. Mfasiri akienda neno kwa neno ataandika “msimamizi wa elimu”, na msomaji wa Mtwara atamfikiria ofisa wa wilaya. Fomu za shule za Tanzania zina jina la mtu huyo tayari: mzazi/mlezi.