Kijiko Kimoja, Maini Tofauti: Historia Fupi ya Kodeini kwenye Dawa ya Kikohozi

Umeandikiwa dawa ya kikohozi ya maji, na kwenye chupa pameandikwa: mililita 5, mara 3 kwa siku. Umewahi kujiuliza namba ile ilitoka wapi? Na je, mililita 5 kwako ni sawa na mililita 5 kwa jirani yako? Tuifuatilie historia ya kodeini, dawa iliyowekwa kwenye chupa za kikohozi kwa zaidi ya miaka 100. Humo ndimo jibu lilimo.

Kodeini ina asili ya kasumba. Ndiyo, kasumba ileile. Leo tunaitumia zaidi kwa maana ya fikra potofu zilizomkaa mtu kichwani, lakini kasumba hasa ni afyuni, utomvu mkavu wa mmea wa mpopi. Watu wameutumia tangu kale kutuliza maumivu, kuhara na kikohozi. Tatizo lilikuwa kipimo. Utomvu wa shamba hili unaweza kuwa mkali kuliko wa shamba lile, kwa hiyo tone lililomponya huyu liliweza kumuua yule.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga mofini kutoka kwenye afyuni. Mwaka 1832, Mfaransa Pierre-Jean Robiquet naye akapata kodeini. Hapo mambo yalibadilika kweli, maana sasa dawa iliweza kupimwa kwa miligramu. Wengi wakaona tatizo la dozi limekwisha.

Kumbe bado. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilileta sokoni dawa mpya ya kikohozi. Wakati ule kifua kikuu na nimonia vilikuwa vinaua watu wengi sana, na dawa ya kumfanya mgonjwa alale bila kukohoa ilikuwa kitu cha maana. Jina la dawa hiyo? Heroini. Eti ilisemekana haina uraibu kama mofini! Baada ya miaka michache hospitali zikaanza kupokea watu walioshindwa kuiacha. Bayer iliacha kuitengeneza mwaka 1913, na Marekani ikaipiga marufuku kabisa mwaka 1924.

Kodeini ikabaki, kwa sababu ilionekana ya upole. Lakini upole huo unatoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu.

Kodeini yenyewe haina nguvu nyingi. Ukiinywa, ini lako huchukua sehemu ndogo, kama asilimia 5 hadi 10, na kuigeuza kuwa mofini. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Sasa, jeni za kimeng'enya hiki hazifanani kwa watu wote. Kuna mtu ambaye kimeng'enya chake hakifanyi kazi, huyo kodeini haimsaidii sana. Na kuna mtu mwenye nakala za ziada za jeni hiyo, naye hutengeneza mofini haraka na kwa wingi. Wote wamekunywa mililita 5 zilezile.

Usidhani hili ni jambo la Ulaya tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba takriban asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada. Kwa watu wa Ulaya Kaskazini idadi hiyo ni ndogo sana. Yaani dozi iliyoonekana salama kwa watu wa kule ilikuwa na hatari zaidi kwa wengi wa hapa jirani.

Gharama ya kutolijua hili ilikuja kuonekana kwa watoto. Hadi mwaka 2012 madaktari wa Amerika Kaskazini walikuwa wameripoti watoto watatu waliofariki na mmoja aliyenusurika, baada ya kupewa kodeini kutuliza maumivu ya upasuaji wa mafindofindo. Dozi zilikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa. Hakuna aliyekosea kupima. Mofini ilizidi mwilini, pumzi zikapungua hadi zikakata.

Mamlaka zikachukua hatua. Mwaka 2015 Ulaya ilizuia kodeini ya kikohozi na mafua kwa watoto chini ya miaka 12. Marekani ilifanya hivyo mwaka 2017, na mwaka 2018 ikasema dawa za kikohozi zenye kodeini ni za watu wa miaka 18 na zaidi tu. Mwaka huohuo Nigeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa hizo, kwa sababu ya uraibu miongoni mwa vijana.

Basi wewe ufanye nini? Kwanza, muulize mfamasia kama dawa yako ina kodeini. Kama ina kodeini, usimpe mtoto, na mama anayenyonyesha asiitumie. Dawa uliyoandikiwa wewe usimgawie mwenzako, hata kama kikohozi chake kinafanana na chako. Usiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi.

Pili, achana na kijiko cha jikoni. Watafiti waliopima vijiko vya chai vya majumbani huko Ugiriki walikuta vinabeba kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Tofauti hiyo inakaribia mara tatu! Tumia kikombe kidogo au bomba la kupimia linalokuja na dawa.

Tatu, mtu akinywa dawa hii kisha akalala usingizi mzito asiamke vizuri, akapumua polepole, na mboni za macho zikawa ndogo mno, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri asubuhi.

Na kikohozi kikipita wiki mbili, usiongeze chupa. Nenda ukapime kifua kikuu. Dawa ya kutuliza inanyamazisha kikohozi tu, ugonjwa unabaki palepale.

Namba iliyo kwenye chupa ni wastani wa miili ya watu wengi. Daktari na mfamasia wapo ili uwaeleze habari za mwili wako.