Jiwe la Mpaka, Eyam
Jiwe hili lilikuwa mwisho wa safari kwa watu wa Eyam, kijiji cha wachimba risasi na wafugaji wa kondoo katika vilima vya Derbyshire, Uingereza. Mwaka 1665 tauni iliingia kijijini. Wenyeji husimulia kwamba ilikuja na viroboto waliojificha katika vitambaa vya mshonaji kutoka London. Juni 1666, kasisi William Mompesson na mtangulizi wake Thomas Stanley, waliokuwa wamehitilafiana kidini, waliwasihi wanakijiji wasitoke, wasije wakawaambukiza jirani zao. Wakakubali.

Yatazame matundu ya jiwe. Yalijazwa siki, iliyoaminiwa kuzuia maambukizi, na humo zikatiwa sarafu za kulipia vyakula vilivyoletwa na watu wa kijiji jirani cha Stoney Middleton.

Agosti ile Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita ndani ya siku nane. Catherine, mke wa Mompesson, naye alifariki mwezi huohuo. Idadi ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 260. Walilipa gharama kubwa mno kwa ajili ya wengine.

Makaburi ya akina Hancock yako shambani Riley, nje kidogo ya kijiji. Ukifika, ingia kwa heshima, wala usipande ukuta wa mawe unaoyazunguka.