Ndege Bila Injini: Mchezo Uliogeuzwa Silaha

Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi mwaka 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliipiga Ujerumani marufuku kuwa na jeshi la anga. Mataifa yaliyoshinda yaliamini kwamba yamekwisha kuyakata mabawa ya adui yao. Lakini marufuku hiyo haikuzigusa ndege zisizo na injini. Katika ufa huo mdogo ndimo lilimopenya jambo tunalolizungumzia leo.

Ndege isiyo na injini, ambayo wengine huiita glaida, huvutwa juu kwa kamba na kuachiwa. Tangu hapo hushuka polepole, isipokuwa rubani wake apate hewa ya joto inayopaa, ndipo huzunguka ndani yake na kupanda kama mwewe asiyepiga bawa. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka mara nyingi kwa mabawa ya namna hiyo kutoka vilimani, hata akaanguka na kufa mwezi Agosti mwaka 1896. Mwaka 1920 vijana wa Kijerumani walikusanyika katika mlima wa Wasserkuppe kushindana kuruka. Kwa wengi wao hayo yalikuwa michezo tu, na mtu hawezi kuwalaumu.

Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, vyama vya mchezo huo viliunganishwa chini ya serikali, na mwaka 1937 vikatiwa katika shirika moja la chama cha Nazi. Kijana aliyekuja kutafuta raha ya kuruka akavikwa sare na kufundishwa utii. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watawala hao waliijua hekima hiyo, wakaitumia kwa uovu.

Matokeo yake yalionekana alfajiri ya Mei 10, 1940. Huko Ubelgiji, kando ya Mfereji wa Albert, palikuwa na ngome ya Eben-Emael, iliyosifiwa kuwa miongoni mwa ngome imara kuliko zote barani Ulaya. Mizinga yake ilielekezwa kwa adui ajaye kwa nchi kavu. Wajerumani wasiofika 90 walitua juu ya paa lake kwa glaida, bila mngurumo wa injini wa kuwaonya walinzi. Walitumia baruti za aina mpya kuinyamazisha mizinga mikubwa, na siku ya pili yake ngome yenye mamia ya askari ikasalimu amri.

Waingereza na Wamarekani hawakukawia kuiga. Lakini silaha hii ilikuwa na ukatili wake hata kwa wenyewe walioitumia. Rubani wa glaida hana nafasi ya pili: akikosea mahali pa kutua, hana injini ya kumrudisha juu. Julai 1943, katika mashambulizi ya kisiwa cha Sisilia, glaida nyingi za Waingereza ziliachiwa mbali mno na pwani. Zaidi ya 60 zilitumbukia baharini, na askari zaidi ya 200 wakafa maji kabla ya kumwona adui.

Machi 1944, zamu ilikuwa ya Burma, nchi ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki nao walipelekwa kupigana katika vita hivyo. Glaida zilitua usiku nyuma ya majeshi ya Wajapani, mahali palipoitwa Broadway. Nyingi zilivunjika kwa kujikwaa katika mashimo na magogo yaliyofichwa na majani. Waliosalimika walitengeneza uwanja, na ndege za injini zikaanza kuleta askari. Miongoni mwa waliosafirishwa kwa ndege katika operesheni hiyo walikuwamo askari wa Nigeria.

Juni 6, 1944, kiasi cha robo saa baada ya saa sita usiku, glaida za Waingereza chini ya Meja John Howard zilianza kutua kando ya madaraja mawili huko Normandy, Ufaransa. Moja kati ya sita ilipotea njia, lakini madaraja yote mawili yalitekwa kwa muda mfupi. Baada ya vita, helikopta ilichukua kazi hiyo, na glaida ikarudi kwa wanamichezo.

Lakini swali la nani anamfundisha kijana halikuisha. Mwaka 1962 Hanna Reitsch, rubani mwanamke aliyejaribu ndege za Hitler na kupewa naye nishani ya Msalaba wa Chuma, alikwenda Ghana kwa mwaliko wa Rais Kwame Nkrumah. Huko Afienya, karibu na Tema, aliongoza shule ya taifa ya glaida. Nkrumah alitaka vijana wa Ghana wapate nidhamu na kujiamini, wajue kwamba anga si milki ya Wazungu peke yao. Nia hiyo ilikuwa njema, ingawa mwalimu alitoka katika historia nzito. Mapinduzi ya Februari 1966 yalimwondoa Nkrumah, na Reitsch naye akaondoka.

Tangu hapo mchezo huu umefika mbali. Mwaka 2003 Mjerumani Klaus Ohlmann aliruka zaidi ya kilomita 3,000 kwa kufuata upepo wa milima ya Andes. Mwaka 2018, glaida iitwayo Perlan 2 ilipanda zaidi ya mita 22,000 juu ya Argentina. Hakuna aliyeuawa ili sifa hizo zipatikane.

Ndugu msikilizaji, ujasiri wa yule aliyetua Eben-Emael na wa huyu anayevuka Andes ni wa aina moja. Vita havikuuumba ujasiri huo. Viliukuta tayari katika viwanja vya michezo, vikauchukua. Kwa hiyo, chama chochote cha vijana kinapofunguliwa, katika nchi yoyote, wazazi wasiridhike kuuliza watoto wao watafundishwa nini. Waulize pia ni nani atakayewaamuru watakapokwisha kuhitimu.