Miezi Mitatu ya Notisi: Historia Fupi ya Shirika la Atomiki la Vienna

Katiba ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ilianza kutumika tarehe 29 Julai 1957. Nyumba ya Shirika haikuwapo bado. Ofisi zikafunguliwa katika Grand Hotel ya Vienna, na hoteli hiyo ikabaki kuwa makao kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka 1979 zilipohamia kwenye majengo ya Umoja wa Mataifa ng'ambo ya mto Danube. Kwa umri wake, Shirika limekuwa na wakurugenzi wakuu wachache: Sterling Cole wa Marekani, Sigvard Eklund wa Sweden aliyekaa miaka 20, Hans Blix naye wa Sweden, Mohamed ElBaradei wa Misri, Yukiya Amano wa Japani, na Rafael Grossi wa Argentina aliyeshika kiti Desemba 2019.

Wazo lilikuwa la Rais Dwight Eisenhower. Tarehe 8 Desemba 1953, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, alipendekeza mataifa makubwa yatoe sehemu ya uraniamu yao kwa chombo cha kimataifa, nacho kiigawe kwa matumizi ya amani. Ghala hilo la pamoja halikuwahi kuwa kama alivyolitabiri. Lililobaki ni Shirika lenye kazi mbili zinazovutana: kueneza atomiki ya hospitali, mashamba na umeme, na kuhakikisha atomiki hiyo haigeuki bomu.

Kazi ya kwanza haitangazwi sana, lakini Unguja wanaifahamu. Kati ya 1994 na 1997, mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Jike akishapandwa na dume tasa hazai. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Shirika lilikuwa mshirika mkuu wa mradi huo.

Kazi ya pili ndiyo iliyolipatia jina, na lawama pia. Ilipata uzito baada ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 1 Julai 1968 na kuanza kutumika tarehe 5 Machi 1970. Nchi isiyo na bomu iliahidi kutolitafuta na kumkubali mkaguzi wa Vienna. Nayo ikaahidiwa teknolojia ya amani, huku wenye mabomu wakiahidi kujadiliana kuyaondoa, ahadi ambayo mpaka leo wameitimiza shingo upande.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya uhasibu. Nchi inaorodhesha kila kiasi cha uraniamu na plutoniamu iliyo nacho, na wakaguzi wanakuja kupima, kufunga mihuri, kutundika kamera na kulinganisha vitabu. Shirika halina askari wala gereza. Hesabu zikikataa, taarifa inapelekwa kwa Bodi ya Magavana yenye wajumbe 35, na Bodi inaweza kuifikisha kwenye Baraza la Usalama. Udhaifu wa mpango huu ulionekana Iraq. Baada ya vita vya 1991 iligundulika kwamba nchi hiyo, mwanachama wa Mkataba, ilikuwa na mradi mzima wa siri, huku wakaguzi wakiendelea kukagua kile tu kilichoandikwa kwenye orodha. Hapo ndipo ilipozaliwa Itifaki ya Ziada ya 1997, inayompa mkaguzi ruhusa ya kufika hata kwenye maeneo yasiyoorodheshwa. Itifaki hiyo hufunga nchi iliyoikubali tu.

Afrika Kusini ilikwenda njia ya kinyume. Ilikuwa imetengeneza mabomu sita, ikayabomoa, ikajiunga na Mkataba mwaka 1991, na Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akatangaza hadharani kwamba mabomu hayo yalikuwapo. Wakaguzi wakafunguliwa milango na kumbukumbu za kiwandani. Mwaka 1996 Afrika ikafungua Mkataba wa Pelindaba wa kulifanya bara eneo lisilo na silaha za nyuklia, na ni Burundi iliyokamilisha idadi ya nchi 28 zilizohitajika, tarehe 15 Julai 2009, nao mkataba huo ukaanza kutumika.

Mwezi huohuo wa Machi 1993, Korea Kaskazini ilikuwa inaaga. Ilijiunga na Mkataba mwaka 1985, lakini ikakubali kukaguliwa mwaka 1992 tu. Ilisema imetenga plutoniamu mara moja, mwaka 1990, kiasi cha gramu 90 hivi. Wakaguzi walipangusa kwa vitambaa vya pamba vyumba vya kituo chake cha nyuklia cha Yongbyon na kuvipeleka vitambaa hivyo maabara, na vumbi likatoa ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanyika zaidi ya mara moja. Vienna ikaomba kuona maeneo mawili yaliyodhaniwa kuwa na taka za mradi huo. Pyongyang ikakataa, na tarehe 12 Machi ikatoa notisi ya kujitoa.

Ilikuwa na haki hiyo kwenye karatasi. Ibara ya 10 ya Mkataba inairuhusu nchi kujitoa ikiona kwamba matukio yasiyo ya kawaida yanahatarisha maslahi yake makuu, alimradi iwaarifu wanachama wengine na Baraza la Usalama miezi mitatu kabla na kueleza matukio hayo. Anayeamua kama maslahi yamehatarishwa ni mwenye kujitoa. Siku moja kabla ya muda kwisha, baada ya mazungumzo na Marekani, Korea ikasimamisha notisi yake. Juni 1994 ikajitoa kwenye Shirika lenyewe, na Oktoba makubaliano ya Geneva yakasimamisha shughuli za Yongbyon kwa miaka minane. Desemba 2002 mihuri ilikatwa na wakaguzi wakafukuzwa. Tarehe 10 Januari 2003 Pyongyang ikatangaza kwamba inajitoa kuanzia kesho yake, kwa hoja kwamba siku zote za 1993 zilishahesabiwa isipokuwa moja. Wanachama hawakukubaliana la kusema. Kwenye kikao cha Mkataba cha mwaka huo mwenyekiti alichukua kibao chenye jina la Korea na kukaa nacho mwenyewe, ili asilazimike kuamua kama kiwekwe mezani. Tarehe 9 Oktoba 2006 Korea Kaskazini ikalipua bomu lake la kwanza.

Kwa Iran kisa ni kingine, na hapa sioni haya kusema nani alianza kubomoa. Makubaliano ya Vienna ya 14 Julai 2015 yaliizuia isirutubishe uraniamu kupita asilimia 3.67 wala kuwa na zaidi ya kilo 300. Wakosoaji walilalamika kwamba masharti yana mwisho na makombora hayakuguswa, na walikuwa na hoja. Hata hivyo ripoti za Shirika, moja baada ya nyingine, zilionyesha kuwa masharti yanatimizwa. Tarehe 8 Mei 2018 Marekani ndiyo iliyojitoa kwenye makubaliano hayo. Iran ikaanza kuvuka mipaka mwaka uliofuata, ikafika asilimia 60 mwaka 2021, na Juni 2022 ikaondoa kamera za Shirika. Tarehe 12 Juni 2025 Bodi iliamua kwamba Iran imekiuka wajibu wake wa ukaguzi. Kesho yake Israel ikaishambulia, na tarehe 22 ndege za Marekani zikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Tehran ikasimamisha ushirikiano, wakaguzi wakaondoka, na zaidi ya kilo 400 za uraniamu ya asilimia 60 zikatoka kwenye macho ya Vienna. Mabomu yaliharibu majengo, na yakawaondoa pia watu pekee waliokuwa na hesabu.

Wabunge wa Iran wamezungumzia kujitoa kwenye Mkataba zaidi ya mara moja, ingawa hadi mwisho wa 2025 nchi yao ilikuwa bado mwanachama. Wakiamua, njia wanaijua: Ibara ya 10 haijabadilishwa hata neno moja tangu 1968.