Barua ya Kwenda Handeni

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 kwa barabara. Mwaka 2005 lami ilikuwa bado, na wakati wa masika safari hiyo iliweza kukumalizia mchana mzima. Barua pepe ilifika kwa dakika chache, nami nikadhani imepita njia ya mkato. Kumbe sivyo. Ilipanda kutoka dishi letu hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikashuka kwenye seva ya Ulaya. Mwenzangu wa Handeni alipofungua sanduku lake, ikapanda na kushuka tena. Kilomita 144,000, ati, ili kuuliza kama dizeli ya jenereta imefika! Dar es Salaam makampuni ya intaneti yalikwisha kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe tangu 2004, barua za mjini zisizunguke ng'ambo, lakini sisi wa bara tulibaki angani.

Tulihitaji seva yetu wenyewe, yaani kompyuta isiyozimwa, ya kupokea barua za ofisi nzima na kuzihifadhi kurasa zilizokwisha kusomwa ili mtu wa pili asizilipie upya. Programu zake hazikuwa na bei. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Ufini, aliitoa Linux hadharani, msimbo wake wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma na kuubadili. Squid, ile ya kuhifadhi kurasa, nayo ilikuwa huria. Gharama ilikuwa mtu wa kuziendesha.

Elimu hiyo Afrika ililetwa na watu zaidi kuliko vitabu. Tangu 1993 Internet Society iliwakusanya mafundi wa nchi zinazoendelea kila mwaka, mara ya kwanza Stanford, Marekani. Mwaka 2000 mafunzo ya AfNOG yakaanza Cape Town, kisha yakazunguka Accra, Lomé, Kampala, Nairobi na kwingineko, hata Dar es Salaam mwaka 2011. Wanafunzi walisimika mfumo kwa mikono yao, wakajenga seva ya majina na seva ya barua. Walimu walijitolea, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa miaka iliyotangulia. Jambo hilo la mwisho sikulizingatia, na lilinigharimu.

Sisi tulimpeleka kijana mmoja Dar es Salaam kwa mafunzo ya juu ya wiki chache. Karatasi ya safari niliitia saini mimi. Aliporudi alifanya kazi hadi watu wa Handeni wakamwita daktari. Haukupita mwaka akapata kazi mjini, yenye mshahara ambao sikuweza hata kujaribu kuufikia. Tulimwaga kwa pilau na soda. Nenosiri la seva sikumwuliza.

Mapema mwaka 2006, mwaka wa ukame, barua zikakoma. Orodha ya kaya za Handeni za kupewa mahindi ilikuwa imetumwa kutoka Dar es Salaam, na haikufika. Niliizima mashine na kuiwasha, nikaizima tena. Malori yalikuwa yamekwisha kupakia. Seva ya mtumaji hujaribu kupeleka barua kwa siku kama tano, kisha hukata tamaa. Ilikuwa siku ya tatu nilipompata kijana kwa simu.

Hakucheka. Alinitajia nenosiri, kisha amri moja ya kutazama diski: imejaa, asilimia 100. Seva huandika yenyewe kumbukumbu za kila inalolitenda, usiku na mchana, na msimamizi hupanga zifutwe zenyewe zinapozeeka. Yeye, kwa haraka za mwanzo, alikuwa akizifuta kwa mkono kila Jumatatu. Nilikuwa nikikaa naye chumba kimoja, wala sikuwahi kumwuliza Jumatatu anafanya nini.

Alitamka, nikaandika kwenye daftari la hesabu, amri baada ya amri, na nenosiri ukurasa wa mwisho. Jioni ile barua zikaanza kumiminika, orodha ikiwa miongoni mwao.

Baadaye nilisoma jinsi usimamizi wa majina yote ya .tz ulivyohama mwaka 2010, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenda tzNIC, na jinsi yalivyotunzwa kwa FRED, programu huria iliyotungwa Ucheki. Wengine wangeuliza habari za mitambo. Mimi nilitaka kujua nani aliandika makabidhiano.

Mwaka 2007 tulipeleka watu wawili, mmoja wa Korogwe na mmoja wa Handeni. Yule wa Handeni, dada wa Kizigua asiye na maneno mengi, aliporudi aliniomba kwanza lile daftari. Alisahihisha kurasa tatu, akabadili nenosiri mbele ya mwenzake, kisha akauchana ukurasa wa mwisho na kuutia mfukoni.