Sindano za Bonde la Nili

Katika vijiji vya Misri, ambako wakulima tangu zama za mafirauni waliambukizwa kichocho majini, serikali iliazimia, tangu miaka ya 1950 hata mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuwadunga raia dawa ya antimoni. Na sindano zile za kioo, zikichemshwa kwa haraka mno ilhali safu ya watu yangoja, zikahamisha damu kwa damu virusi vya homa ya ini C, visivyotambuliwa hata 1989. Nia ilikuwa njema, wala sithubutu kuilaumu.

Interferoni, dawa iliyotumiwa awali kuitibu homa hiyo, iliwaelemea hasa wale ambao maini yao yalikwisha kusinyaa, yaani wahitaji wakubwa. Hata 2014 vikawasili vidonge vya kuitibu, vya sofosbuvir, kwa dola 900 tiba nzima, ilhali Marekani viliuzwa dola 84,000.